Baba, babu, bibi, bubu

Gauni lilikuwa la sikukuu ya Idi, la mjukuu wake wa miaka 6, kitambaa cha kijani chenye maua meupe. Mama mkubwa Doto alilishona jioni, akalitundika ukutani, na asubuhi tukaona lina mikono miwili ya kushoto. Tukacheka, naye akacheka. Akafumua mkono mmoja, akakata mwingine, akashona upya. Ukatoka wa kushoto tena. Huyu ni mwanamke aliyekuwa fundi cherehani Ilala kwa zaidi ya miaka 40, aliyekuwa akikutazama mabega tu na kukata kitambaa bila kugusa futi. Safari hii hakucheka. Alilikunja gauni, akalisukuma uvunguni, akasema macho yake yamechoka.

Leo ananiita kwa jina la kaka yake aliyefariki zamani, na Kiswahili kinampungukia siku hadi siku, anarudi kwenye Kinyamwezi cha utotoni.

Pacha wake, Mama mkubwa Kulwa, yuko Urambo, mkoani Tabora. Yeye akili zake zimetimia kiasi kwamba atakukumbusha elfu tano uliyokopa mwaka juzi, na duka ulilokopea, na nani alikuwepo akishuhudia.

Kwa msiojua desturi ya kwetu: kwa Wanyamwezi na Wasukuma, pacha anayetangulia kutoka ni Kulwa, anayefuata ni Doto, na mtoto anayezaliwa baada ya mapacha ni Shija. Mama yangu ni Shija. Vyeti vya kuzaliwa hawana. Bibi alisema aliwazaa wakati Wazungu wanang'oa visiki Urambo kwa matingatinga wakitaka kulima karanga, yaani ule mpango wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947 na kufa ndani ya miaka michache. Je, ni pacha wa yai moja kweli? Hakuna aliyewapima vinasaba. Ila babu yangu mwenyewe alikuwa akiwatofautisha kwa kovu la Kulwa juu ya nyusi, na Kulwa akijifunga kitambaa kichwani babu anabaki kubahatisha. Nachukulia ni wa yai moja. Ninayoandika hapa yamesimama juu ya dhana hiyo, msomaji aijue mapema.

Basi swali lililonikosesha usingizi ni hili: tumbo moja, yai moja, vinasaba vilevile. Kwa nini Doto na si Kulwa?

Kwenye ukoo jibu lilipatikana haraka kuliko kwangu. Lilianza kwa minong'ono ya msibani: Kulwa amemla akili pacha wake. Mnaona alivyo mkali wa kumbukumbu? Hizo ni akili za watu wawili. Niliposikia nilitetemeka, na si kwa hasira peke yake. Kulwa ana macho mekundu, amekaa miaka mingi kwenye moshi wa mabani ya kukaushia tumbaku na wa kuni za jikoni. Kwetu magharibi na Kanda ya Ziwa, wanawake wazee wameuawa kwa macho mekundu. Minong'ono ya namna hiyo si maneno ya kupuuza.

Ndiyo nikaanza kusoma. Mimi si daktari. Nilisomea biolojia, nikafundisha sekondari miaka kadhaa, kisha nikaangukia kazi nyingine. Lakini kilichonisaidia kuelewa hakikutoka darasani kwangu, kilitoka chuoni, yaani madrasa, kwa maalimu wetu wa mtaa wa Ng'ambo pale Tabora mjini.

Maalimu alikuwa na mchezo. Kabla hatujazoea irabu, aliandika ubaoni herufi be mbili za Kiarabu, tupu, bila alama yoyote juu wala chini. Someni. Mmoja anapaza sauti: baba! Mwingine: bibi! Wa nyuma: babu! Na yule mtundu, hakukosekana: bubu! Maalimu anatikisa kichwa. Nyote mmepatia na nyote mmekosea, irabu ziko wapi? Kisha anaweka fat'ha (a) juu, au kasra (i) chini, na neno moja linazaliwa. Akiweka sukuni, ile herufi inanyamaza. Be ni zilezile. Kilichobadilika ni vialama.

Hiyo ndiyo epijenetiki, na sijaona mfano bora zaidi. Neno lenyewe alilibuni mwanabiolojia wa Uingereza, Conrad Waddington, mwaka 1942, zaidi ya miaka 10 kabla umbo la DNA, molekuli inayobeba maandishi ya vinasaba, halijagunduliwa. Seli ya ini na seli ya ubongo zina maandishi yaleyale. Moja inayasoma ikawa ini, nyingine inayasoma ikawa ubongo, kwa sababu alama zilizowekwa juu ya maandishi ni tofauti. Alama iliyochunguzwa kuliko zote ni kundi dogo la methili linalobandikwa kwenye moja ya herufi nne za DNA, sitosini. Likibandikwa kwa wingi mwanzoni mwa jeni, yaani kinasaba, mara nyingi jeni hiyo hunyamaza. Ni sukuni.

Alama nyingine zinakaa kwenye histoni, na hapa namhitaji Mama mkubwa Doto. DNA ya seli moja, ukiinyoosha, ina urefu wa karibu mita 2, na inakaa ndani ya kitu kisichoonekana kwa macho. Imezungushwa kwenye protini zinazoitwa histoni kama uzi kwenye bobini ya cherehani. Fundi yeyote atakwambia: uzi ukikazwa mno kwenye bobini hautoki, sindano inaruka mishono. Seli ina vimeng'enya vinavyobandika kundi jingine dogo, asetili, kwenye histoni ili uzi ulegee na jeni isomeke, na ina vingine vinavyoibandua ili uzi ukaze. Siku nzima, kila sekunde, kulegeza na kukaza.

Sasa ubongo. Seli nyingi za mwili huzeeka, hufa, na nyingine huchukua nafasi. Seli za neva za ubongo, ambazo ni kama bilioni 86, kwa sehemu kubwa hazibadilishwi. Ulizozaliwa nazo ndizo utakazozikwa nazo, pungufu ya zilizokufa njiani. Maana yake alama za miaka 70 zinarundikana juu ya maandishi yaleyale: nyingine zimefutika, nyingine zimekolea, nyingine zimewekwa mahali pasipo pake. Msahafu wa zamani ulioshikwa na mikono mingi, ndivyo ninavyouona.

Kuna jambo lililonistaajabisha zaidi. Alama hizi ni sehemu ya kazi yenyewe ya kukumbuka, hazikai pembeni. Francis Crick, yule wa umbo la DNA, aliuliza mwaka 1984 kumbukumbu inadumuje miaka mingi ilhali molekuli za ubongo zinavunjwa na kujengwa upya kila mara. Mwaka 2007, Courtney Miller na David Sweatt wa Alabama, Marekani, walionyesha kwamba panya wakizuiwa kubandika methili kwenye hipokampasi, ile sehemu ya ubongo inayohifadhi mapya, wanashindwa kushika kumbukumbu ya kitu kilichowatisha. Seli ikijifunza, inaandika irabu. Kwa hiyo alama zikivurugika uzeeni, kinachovurugika ni karibu sana na kalamu yenyewe.

Turudi kwa mapacha. Mwaka 2005 Mario Fraga na Manel Esteller, Hispania, walilinganisha pacha wa yai moja wa umri mbalimbali. Wale wa miaka 3 alama zao zilikaribia kuwa sawasawa. Wale wa miaka 50 zilikuwa zimeachana, na zaidi kwa walioishi mbalimbali. Kisha mwaka 2009 kikatoka kisa ambacho nilikisoma mara tatu. Diego Mastroeni na wenzake, Marekani, walichunguza ubongo wa pacha wawili wa kiume baada ya kufa. Wote walisomea uhandisi wa kemikali. Mmoja alifanya kazi iliyomkutanisha sana na viuatilifu, akaugua Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu taratibu, kwa miaka 16, akafa ana 76. Mwenzake alifika 79 akili zikiwa salama. Kwenye sehemu ya ubongo iliyoathirika, alama za methili za yule mgonjwa zilikuwa zimepungua waziwazi kuliko za nduguye.

Nilifunga kompyuta nikatoka nje. Kwa sababu kwetu mambo yako kinyume. Aliyebeba bomba la dawa mgongoni ni Kulwa, misimu 30 ya tumbaku, bila glovu, bila kitambaa puani, anapuliza huku ameshika mtoto. Doto aliolewa na mtu wa reli, akaja Dar es Salaam, akakaa kivulini na cherehani yake. Ingekuwa dunia inafuata utafiti mmoja, ningekuwa naandika habari za Kulwa.

Jozi moja ya pacha, iwe ya Marekani au ya Urambo, haithibitishi kitu. Inauliza tu swali vizuri.

Nilipotafuta jozi kubwa zaidi nikaipata. Watafiti wa Ibadan, Nigeria, wakiwemo Adesola Ogunniyi na wenzake, walishirikiana na Hugh Hendrie na wenzake wa Indianapolis kulinganisha wazee wa Kiyoruba na wazee Wamarekani weusi, wote wa miaka 65 na kuendelea, kwa mbinu ileile. Matokeo yalichapishwa 2001. Indianapolis, demensia mpya kwa mwaka, yaani kupotewa na kumbukumbu na akili kunakoletwa na Alzheimer na magonjwa mengine ya ubongo, ilikuwa asilimia 3.24. Ibadan ilikuwa 1.35. Tena ile jeni maarufu ya hatari, APOE aina ya e4, iliyokuwa ikiwaandama watu wa Indianapolis, kwa Wayoruba uzito wake haukuonekana vile. Watu wenye asili ya Afrika Magharibi pande zote mbili za bahari, ila chakula, presha, mwendo na maisha ni mengine. Wamarekani weusi wana damu mchanganyiko, najua, na utafiti huo haukupima methili. Lakini mtu akiniambia demensia ni urithi tu, namtajia Ibadan.

Na mtu akiniambia urithi si kitu, namtajia Sweden. Margaret Gatz na wenzake, kwa kutumia daftari la mapacha la nchi hiyo, walikadiria mwaka 2006 kwamba mchango wa urithi kwenye Alzheimer ni kati ya asilimia 58 na 79. Si kidogo. Na hata pacha wote wawili wanapougua, mmoja anaweza kumtangulia mwenzake kwa miaka.

Hapo katikati, kati ya 79 na 100, kati ya Ibadan na Indianapolis, ndipo wanaepijenetiki wamepiga kambi. Mwaka 2014 makundi mawili, moja likiongozwa na Philip De Jager, Marekani, kwa kutumia ubongo wa watu zaidi ya 700 waliojitolea wakiwa hai, na jingine la Katie Lunnon na Jonathan Mill, Uingereza, yalitaja jeni ileile, ANK1. Alama zake zilikuwa tofauti kwenye sehemu za ubongo zilizopigwa na ugonjwa, na si kwenye serebela ya kisogoni, ambayo ugonjwa huu huiacha kwa muda mrefu. Zilionekana hata kwa watu ambao ubongo umeanza kuharibika ndani lakini walikuwa bado hawajaanza kusahau. Yaani alama hutangulia dalili.

Kutangulia dalili si sawa na kuzisababisha, hata hivyo. Je, alama zilizovurugika ndizo moto, au ni moshi wa moto unaowaka kwingine, kwenye zile protini za amiloidi na tau zinazoganda ubongoni? Ubongo uliochunguzwa ni wa marehemu, na marehemu ana picha moja tu, hana mkanda mzima. Mimi naegemea kwamba ni yote mawili, kila moja inachochea nyingine. Msininukuu mahakamani.

Walioleta matumaini makubwa ni panya wa Li-Huei Tsai wa chuo cha MIT, Marekani. Mwaka 2007 yeye na wenzake, akiwemo André Fischer, walichukua panya waliopoteza seli nyingi za ubongo na kusahau walichofunzwa. Wengine wakahamishiwa kwenye vizimba vyenye magurudumu ya kukimbilia, vitu vya kuchezea na wenzao. Wengine wakapewa dawa inayozuia kubandua asetili, ile ya kulegeza uzi kwenye bobini. Makundi yote mawili yalikumbuka tena mambo ya zamani. Yalikuwepo. Yalikuwa yamefungiwa tu.

Nilipoyasoma hayo Doto alikuwa ametoka kuimba wimbo mzima wa harusi, beti zote, mtu ambaye asubuhi ile hakujua jina la mwanawe. Mnaweza kufikiria nilivyojisikia. Nilianza kutafuta dawa hizo, na nikagundua moja iko kwenye kila duka la dawa: valproeti, inayotumika kwa kifafa, nayo huzuia vimeng'enya vilevile. Bahati nzuri nilisoma hadi mwisho kabla ya kununua. Valproeti ilishajaribiwa Marekani kwa wagonjwa 313 wa Alzheimer, kwa miaka miwili, na matokeo yakatoka 2011. Haikupunguza kasi ya ugonjwa. Waliopewa walipata madhara, na vipimo vya MRI vilionyesha ubongo wao ukisinyaa haraka kuliko wa wasiopewa. Dawa inayolegeza uzi hulegeza bobini zote za nyumba, haichagui ile iliyokwama. Ndiyo maana nikiona mtu anauza vidonge vya "kufufua jeni za ubongo" kwenye Instagramu natamani nimnyang'anye simu.

Na wako wengi. Wengine wanauza saa. Mwaka 2013 Steve Horvath wa chuo cha UCLA alionyesha kwamba ukisoma methili kwenye sehemu 353 za DNA unaweza kukisia umri wa mtu, kwa kosa la miaka 3 na nusu hivi, iwe umechukua damu, ini au ubongo. Ni kazi nzuri kabisa ya sayansi. Miaka miwili baadaye yeye na wenzake wakaona serebela huzeeka polepole kuliko sehemu nyingine za mwili. Lakini kutoka hapo hadi kifurushi cha kutemea mate, kisha karatasi inayokwambia ubongo wako una miaka mingapi, pana mto mpana. Alama za kwenye damu si alama za kwenye hipokampasi. Binamu yangu aliyeko Muscat alitaka kumnunulia Doto kipimo hicho. Nilimwomba hela hiyo anunue kifaa cha masikio.

Doto ni kiziwi nusu, na hilo tulilijua muda mrefu tukawa tunampigia kelele tu badala ya kumtibu. Kamisheni ya jarida la Lancet ilitaja mwaka 2024 mambo 14 ambayo kwa pamoja yanahusishwa na karibu asilimia 45 ya demensia duniani, na uziwi umo, pamoja na presha, kisukari, upweke, elimu ndogo, hewa chafu na mengine. Doto alikuwa na presha, kisukari na uziwi, na tangu mumewe afariki alikuwa mpweke nyuma ya geti la mwanawe Tabata, mlango umefungwa, televisheni inaongea peke yake. Kulwa presha hana. Hajakaa peke yake saa mbili mfululizo tangu kuzaliwa. Kila gulio yuko, anabishana bei. Hayo ndiyo ninayoyaona nikiwaweka ubavu kwa ubavu. Ni mangapi kati yake yalipita kwenye methili na asetili, hakuna mashine itakayoniambia.

Hospitali tuliyomkimbiza mara ya kwanza ilitumia dakika nne. Ni uzee, mama, mpeni mapumziko. Ya pili walimpima damu, wakakuta vitamini B12 iko chini sana. Alikuwa amekunywa metformini ya kisukari kwa miaka, na dawa hiyo, nzuri kama ilivyo, hupunguza ufyonzaji wa B12. Hili naomba mlisikie wenye wazazi wa kisukari: ulizeni. Upungufu wa B12 peke yake unaweza kumfanya mtu asahau, na unatibika. Tena B12 na foleti, ile ya maharage na mboga za majani, ndizo zinazoisaidia seli kutengeneza methili. Watafiti wa Oxford walionyesha 2010 kwamba vitamini B kwa wazee walioanza kusahau kidogo zilipunguza kusinyaa kwa ubongo kwa karibu asilimia 30. Doto alichomwa sindano, akaanza kula maini na dagaa. Ganzi ya miguu ikaisha. Kumbukumbu haikurudi. Tulichelewa, au haikuwa hiyo.

Kipimo kilichonigusa zaidi hakikuhitaji umeme. Wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti wa hospitali ya KCMC na wenzao wa Uingereza walichunguza wazee 1,198 wa miaka 70 na zaidi mwaka 2009 na 2010, wakakuta demensia kwa asilimia 6.4 baada ya kurekebisha umri. Vipimo vya Ulaya vinamtaka mzee achore saa au aandike sentensi. Sasa mzee ambaye hajawahi kushika penseli utamwambiaje achore? Wao wakatumia njiti za kiberiti: njiti nne zinapangwa mbele yake, naye anapewa zake azipange vivyo hivyo. Nilimpangia Doto mezani, mchezo tu. Alizitazama muda mrefu. Akachukua moja, akaiweka mdomoni kama pini ya fundi, akasubiri nimpe kitambaa.

Mwezi uliopita Kulwa alikuja Dar kwa treni, na gunia la viazi na asali ya Urambo. Nilimweleza yote, irabu, bobini, panya wa Marekani, hata minong'ono ya ukoo, ambayo alikuwa anaijua kuliko mimi. Tulikuwa barazani. Doto amekaa kati yetu na cherehani yake isiyo na sindano, tuliitoa tukiogopa ajichome, na alikuwa anajaza uzi kwenye bobini, kazi ambayo vidole vyake bado vinaijua, anajaza, anaufungua, anajaza.

"Na mimi je?" Kulwa akauliza. "Ugonjwa huu unakuja kwangu?"

Nikamwambia unaweza kuja, unaweza usije, na kwamba kubishana gulioni ni dawa nisiyomkataza. Akafikiri kidogo.

"Umesema unaandika."

"Naandika, Mama mkubwa."

"Basi uandike sawasawa. Andika kwamba mimi ndiye mkubwa, mimi ndiye niliyetangulia."

Doto, macho kwenye bobini, akasema kwa Kinyamwezi kwamba huo ni uongo.